Kontena la Nyundo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe.

Mwenzake kazini alifariki ghafla. Walimwita Nyundo, kwa jinsi alivyokigonga kitufe cha Enta kama anaua mende. Baada ya msiba bosi akasema, "Hebu futa kontena la marehemu, tunahitaji nafasi." Si kontena la melini; ni kisanduku cha programu ndani ya kompyuta, unachokiwasha na kukifuta kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi.

Wenzake wote walikuwa wametoka kwenda kula. Chumba hakina dirisha, na balbu ilikuwa imeungua tangu asubuhi, kwa hiyo alifanya kazi kwa mwanga wa skrini tu. Akalifuta. Akaita orodha ya makontena ahakikishe: tupu.

Gizani, kwenye meza ya Nyundo, kitu kikalia: ta!

Akaita orodha tena. Kontena lilikuwemo, limewashwa sekunde chache zilizopita.

"Kaka, usinitanie," akasema, akijichekesha. Akalifuta tena.

Ta!

Limerudi.

Akainuka, akaimulika ile meza kwa simu. Kibodi ilikuwa pale pale, imejaa vumbi, waya wake umeviringishwa na kufungwa kwa mpira, haukuchomekwa popote. Kitufe cha Enta kilikuwa kimebonyea hadi chini.

Akiwa anakitazama, kikainuka taratibu.