Kilio Kilichotiwa Muziki

Kitendawili: ana masikio elfu, mdomo mmoja, na moyo hana. Anayesema ni simu amepata, lakini amepata kwa bei rahisi. Zumra wa mtaa wa Vratnik alilipata jibu kamili kwa kuunguzwa nalo.

Ilikuwa Ramadhani, magharibi inakaribia, na foleni ya mkate wa somuni ilikuwa imetoka mlangoni mwa tanuri ikapanda kilima kama mkia wa paka. Sarajevo nzima ilinukia habasoda na unga uliobabuka. Watu walikuwa wamechoka, kila mmoja katega sikio kuusikia mzinga wa ngomeni wa kufuturu. Zumra alivaa koti la kijani lililomkaa kiunoni, viatu vya ngozi vya duka analouzia, na hasira ya mtu ambaye hajaonja maji tangu alfajiri. Mara akaingia mbele yake kijana, simu kaiinua juu kama taa, anaongea na kioo.

"Wapenzi watazamaji, hii ndiyo foleni ndefu kuliko zote mjini, na mimi Ensar wenu..."

"Ensar wao, rudi nyuma."

Kijana akageuka. Alikuwa mrefu, koti jeusi, ndevu zimechongwa vizuri, na vumbi jeupe la ujenzi limebaki kwenye kope. "Samahani, dada. Narekodi tu, sipo kwenye foleni."

"Kama hupo kwenye foleni, toka kwenye foleni. Na sura yangu isionekane humo."

"Sura nzuri hivyo unamficha nani?"

"Nimefunga. Usinifunguze kwa matusi."

Mzee aliyekuwa nyuma yao akapasuka kicheko. "Mpe, binti, mpe! Huyo mkate wake umeshaiva!"

Ensar akaenda mwisho wa foleni, masikio yamemwiva. Zumra alipotoka na mikate yake, mzinga ukalia, na kijana alikuwa bado kule mkiani, mikono mitupu. Zumra alimpita. Akasimama. Akarudi akakata mkate wa moto vipande viwili.

"Kula. Ila simu iende mfukoni."

Simu ikaenda mfukoni. Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa ugomvi na nusu mkate.

Ensar alikuwa fundi wa madirisha, akifanya kazi na baba yake, Mzee Fikret. Jioni alikuwa mtu mwingine: alirusha video zake za vichekesho mtandaoni, na wafuasi wakaongezeka kama mchwa baada ya mvua. Zumra hakuzipenda sana hizo video. Alimpenda mwenye kuzirusha.

"Umekula, roho yangu?" Ensar alizoea kumpigia simu hajafika hata nyumbani kwake.

"Si tumekula pamoja sasa hivi? Uliokuwa unaufyonza ule mfupa ni wa nani?"

"Nina njaa ya sauti yako."

"Basi ng'ata simu ulale."

Zumra aliishi na Nana Rukija, bibi yake. Mama yake alikuwa Austria akiwatunza wazee wa watu. Kuhusu baba alimwambia Ensar neno moja tu: yuko Ujerumani. Nusu ya mji ule ina mtu Ujerumani, kwa hiyo Ensar hakuuliza zaidi. Wala Zumra hakusema kwamba baba aliondoka yeye akiwa na miaka sita, kwa basi, akaahidi kurudi Idi, na Idi zikaja zikapita bila yeye.

Nana alimchunguza kijana, akampa pai ya mchicha mara mbili, kisha alipotoka akasema, "Anafaa. Ila kila kitu anakitazama kupitia kioo. Fundi madirisha sawa, lakini mwanamke naye?"

"Nana, nawe!"

"Mimi nimesema tu. Kitendawili si lazima kiteguliwe leo."

Basi kukazuka mchezo mtandaoni, kama yanavyozuka mafua. Unamwambia mpenzi wako kwamba unaondoka moja kwa moja, na rafiki yako amejificha anarekodi. Anayelia zaidi ndiye anayependa zaidi. Ndivyo walivyopima mapenzi msimu ule. Wafuasi wa Ensar wakamchokoza: na wako je, au hakupendi?

Akamwita Zumra kituo cha mabasi. Zumra alitoka kazini moja kwa moja, sketi ya buluu na kitambaa kidogo cha hariri shingoni, midomo kaipaka rangi njiani. Akamkuta Ensar kasimama na sanduku.

"Nimepata kazi Munich. Basi ndilo hili."

Zumra akacheka. "Umevaa soksi za rangi mbili, Munich watakurudisha."

"Sikutanii, Zumra. Sitarudi."

Akapanda. Mlango ukafungwa. Dereva, aliyekuwa ameshaambiwa, akaliondoa basi taratibu.

Hapo mwanamke wa miaka ishirini na sita akaondoka, akabaki mtoto. Alikimbia. Alipiga ubavu wa basi kwa viganja viwili, kiatu kimoja kikamtoka, akaendelea na soksi juu ya lami. Na kinywani mwake yakatoka maneno aliyokuwa amekwisha kuyapiga kelele mahali palepale zamani, maneno ambayo hata Nana hakuyajua.

"Baba, shuka! Nitakuwa mtoto mzuri! Baba, shuka!"

Basi lilizunguka uwanja, likasimama. Ensar akashuka na shada la maua, anacheka. "Mzaha, roho yangu! Ni mzaha! Tazama kule, kamera!"

Rafiki yake akachomoza nyuma ya kibanda cha magazeti, simu mkononi. Zumra aliwatazama wote wawili. Akaokota kiatu chake. Hakukivaa. Akaenda nacho mkononi mpaka nyumbani.

Asubuhi yake video ilikuwa imesambaa. Ilikuwa imetiwa muziki, ule wa kuchekesha, wa zumari na ngoma ndogo.

Zumra akapiga simu. "Iondoe."

"Zumra, sikia kwanza, imefika..."

"Sijakuuliza imefika wapi. Iondoe."

"Watu wanakupenda! Wanaandika, nani atanipenda mimi hivi..."

"Ensar. Nilikuwa namlilia baba yangu."

Kwa mbali ikasikika drili ya Mzee Fikret ikitoboa ukuta.

"Mimi nilidhani umechanganyikiwa tu, ukaniita..."

"Ulidhani. Halafu ukakaa, ukachagua muziki."

Akamkatia.

Ensar aliiondoa kabla ya adhuhuri. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshateremka mitaa yote. Sauti ya Zumra watu waliikata wakaipachika popote. Mwanamke wa Zagreb alimfanya mbwa wake akimbize gari la soseji: Baba, shuka! Bwana harusi na wapambe wake walilikimbiza gari la bibi harusi. Wanafunzi wa Belgrade waliikimbiza lifti. Dukani, wateja waliingia wakijaribu viatu wasivyovitaka.

"Samahani, si wewe yule wa basi? Tupige picha moja. Sema lile neno!"

"Namba ngapi unavaa?"

"Aa, mimi sinunui."

"Basi mlango ni uleule ulioingilia."

Nana aliiona video hiyo kwa jirani. Alirudi, akaketi, akavua miwani. "Ulikimbia siku ile? Si nilikuacha kwa shangazi yako?"

"Nilitoroka, Nana."

Bibi alianza kukanda unga kwa ngumi, na siku hiyo meza ilipigwa mpaka vikombe vikatembea kabatini.

Sasa, Jumapili iliyofuata ilikuwa imeshapangwa zamani: wazazi wa Ensar waje kuposa. Ensar alidhani heshima ya posa itafunika aibu ya video. Alituma ujumbe, tuje? Zumra akajibu kwa neno moja: Njooni.

Walikuja. Mzee Fikret katika suti iliyonukia sabuni, Bi Munira na hereni za dhahabu na gauni la zambarau, Ensar na tai iliyomkaba. Nana akawakalisha. Zumra alikuwa kavaa nguo nyeusi, shingo mpaka kifundo, kachana nywele nyuma bila pambo.

Huko kwao, mgeni hupewa kahawa tatu. Ya kwanza ya kumkaribisha, nzito, na kibonge cha sukari pembeni. Ya pili ya mazungumzo. Ya tatu, nyepesi kama maji ya kuoshea birika, huletwa usiku umekuwa mkubwa na mgeni hana dalili ya kuinuka. Hiyo ni ya kufukuzia. Haiambatani na sukari, na hakuna mtu mzima asiyeijua akiiona.

Zumra aliingia na sinia. Akaweka finjani mbele ya kila mmoja. Bi Munira akatazama yake, akaona kitako cha finjani chini ya kahawa kama mtu anavyoona kokoto mtoni.

"Hii nini?"

"Ya tatu," alisema Zumra.

"Hatujakaa hata dakika! Ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza mwanao alishainywa mbele ya watu, Bi Munira. Na ya pili."

Bi Munira akasimama, hereni zinatikisika. "Fikret, nyanyuka! Miaka sitini sijatukanwa hivi. Kwa kavideo ka mzaha! Si wamekusifu? Si umekuwa nyota?"

"Video gani?" Mzee Fikret aliuliza. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo, kazi yake kupiga na kupokea. "Ensar. Video gani?"

Ensar alitazama zulia.

"Nitaisema mwenyewe," alisema Zumra. "Mara hii bila muziki."

Akasimama katikati ya chumba, mikono imeshuka, akaisimulia. Hakulia. Alisema baba alivaa koti gani, alimbusu wapi, basi lilikuwa la rangi gani. Alisema jinsi alivyokimbia na miguu midogo. Kisha akasema maneno yale, polepole, kama mtu anayehesabu: "Baba, shuka. Nitakuwa mtoto mzuri."

Bi Munira akarudi kuketi, mdomo umelegea. Ensar uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto, na safari hii hapakuwa na wa kumrekodi.

"Sikujua," alisema.

"Ungeuliza ungejua. Ungeuliza kama usingekuwa unatafuta kiki."

Mzee Fikret akaichukua finjani yake, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akaigeuza juu chini. "Kahawa hii ni haki yetu," alisema. "Kunyweni, twende."

Wakanywa. Wakaenda.

Theluji ilianguka mlimani, ikayeyuka. Ensar alipiga simu, haikupokelewa. Mara moja tu Zumra aliipokea, kwa kuchoka.

"Nifanye nini, Zumra? Niambie nifanye nini."

"Usifanye kitu. Ukifanya kitu utakirekodi."

Hakupiga tena. Mtandaoni akanyamaza, wafuasi wake wakauliza, wakatukana, wakamsahau wakahamia kwa mwingine, maana huko msiba hauna hata arobaini.

Siku moja dukani akaingia mwanamke mwenye suti ya kijivu na tabasamu la kukodi. Alitoka kampuni ya matangazo. Walikuwa na mteja mwenye mabasi, wakataka Zumra akimbize basi jipya, apige kelele, kisha dereva amfungulie acheke.

"Mchumba wako tulimwendea kwanza," alisema. "Akatufukuza. Akanitolea mguu wangu nje ya mlango, fikiria! Halafu akatuomba tusikwambie kamwe kwamba tulikuja. Lakini mimi nikasema, kwa nini tusimuulize dada mwenyewe?"

Zumra akashusha kiatu alichokuwa akikipanga. "Lini hiyo?"

"Ina miezi miwili."

"Na hakumwambia mtu?"

"Amwambie nani? Ni bahati anaikataa."

Zumra alimfungulia mlango yule mama kwa adabu iliyouma. Kisha akavaa koti jekundu, akamwambia mwenzake amshikie duka, akateremka mpaka ng'ambo ya mto, kwenye jengo jipya ambalo Nana, asiyepitwa na habari, alikuwa ameshamtajia zamani.

Ensar alikuwa ghorofa ya chini, anapima fremu ya dirisha lisilo na kioo. Zumra akasimama nje ya dirisha hilo, kwenye matope.

"Nani alikupa ruhusa ya kunikatalia?"

Futi ikamponyoka Ensar mkononi. "Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Walitaka ukimbie tena. Tena ucheke. Nikawatoa."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ingekuwa ni kukuonyesha."

Zumra alitazama mikono ya Ensar iliyochubuka, vumbi kwenye kope, fulana iliyochanika begani. Hasira ilimpanda upya, kwa sababu alikuwa amemkumbuka, na hakutaka.

"Nataka nikuzabe kofi, Ensar."

"Nizabe."

"Usinipangie!"

Ndani, Mzee Fikret akakohoa. "Mimi nakwenda kutafuta skrubu."

"Skrubu hizi hapa, baba."

"Hizo sizipendi." Akalibeba kopo lote, akaingia chumba cha pili.

Wakabaki. Vumbi lilielea katikati yao kwenye jua la Machi.

"Ile sauti haitatoka," alisema Ensar. "Nimewaandikia watu wengi, mmoja mmoja. Wengine wameitoa. Wengi wamenicheka."

"Najua haitatoka. Nitazeeka nayo. Jana kaniimbia mtoto wa darasa la kwanza." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nina hasira bado, usidhani nimekuja kusamehe."

"Sidhani."

"Si ya leo wala ya kesho. Nitakuja nayo mpaka kwenye harusi."

"Harusi ya nani?"

"Shika kazi yako, mjinga wewe, kabla sijabadili nia."

Kutoka chumba cha pili, kopo zima la skrubu likamwagika sakafuni.