Nimeachwa

Suruali ndiyo iliyowakutanisha. Clinton, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliitupa mbele ya cherehani ya Arlène kwenye kona ya mtaa wa Marshalltown, mchana watu wakipigana vikumbo, suruali nyeupe iliyochanika paja moja tu. Arlène, mzaliwa wa Goma, gauni la kitenge na ulimi mkali, akamuuliza ni kazi gani hiyo inayokula suruali upande mmoja. Besiboli, alijibu: yeye hudaka mipira inayotambaa chini, na akikimbilia kituo, kile kibao cha chini wanachoshindania, hujitupa na kukifikia kwa kuteleza kwa paja. Analipwa kwa hilo huko Marekani, katika timu ambayo hata Wamarekani hawaijui. Arlène alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Mapenzi hayana hodi. Likizo ilipokwisha na Clinton akarudi kazini, simu ndizo zikawa chakula chao. Alimwita "mama fundi" kwa Kiswahili alichookoteza kwa mama yake Mtanzania, Bi Hedwiga, maana mtaani alikua na Kizulu na Kiingereza.

Kisha simu zikakoma. Kila simu ilipolia Arlène alishtuka, na hakuwa yeye. Mwishowe ukaja ujumbe wa sauti, mfupi: "Arlène, nimeachwa. Narudi."

Nimeachwa! Haachwi mtu ila aliyeoa. Kumbe kule ana mke, mke kamchoka, na sasa yeye Arlène aletewe kiporo! Akazima simu, akashona huku analia, mishono ikaenda kombo. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

Clinton alifika pale pale kwenye kona, begi begani, macho mekundu. Arlène hakuinua uso.

"Nani kakuacha?"

"Timu."

Mguu wa Arlène ukaganda kwenye cherehani. "Hakuna mwanamke?"

"Eish, mwanamke gani? Wamesema nimekuwa mzito, wamechukua mwingine. Nikakupigia, simu imezimwa. Nikajua na wewe umeniacha."

"Ah, Clinton, Kiswahili chako kitaniua. Mtu huachishwa kazi."

"Nimeachishwa kazi," alirudia taratibu, na machozi yakamtoka. "Sina kazi, Arlène, na hii ndiyo pekee niliyoijua. Utaniacha?"

Arlène alimfuta uso kwa pindo la kitenge.

"Siwezi. Mpaka kwanza unioe."

Clinton alichelewa kuelewa. Mama Mrundi aliyeuza nyanya kando yao ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.