Msumari na Fundi Miamvuli

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua sare zake na kuzianika, Msumari aliketi kwenye zulia la sebuleni na kuwasha televisheni. Nyuma yake, karibu na dirisha, Bibi alikuwa ameshaanza kazi kwenye cherehani. Bibi alishona mapazia na vitambaa vya makochi, na mguu wake haukutulia kwenye kanyagio hata mgeni alipobisha hodi. Wawili hao walikuwa na makubaliano yao. Msumari alichagua cha kuangalia, na Bibi alisikiliza huku akishona. Walichoangalia ni katuni za Kijapani, zile ambazo wanafunzi wote waliziita anime. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, tena yalipita haraka, kwa hiyo Msumari aliyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Majitu aliyasemea puani.

"Huyo mwenye nywele za buluu amesema nini?" Bibi aliuliza.

"Amesema lazima alipize kisasi, Bibi."

"Tena? Si alilipiza wiki iliyopita?"

"Yule alikuwa mwingine. Wa wiki iliyopita nywele zake ni za zambarau."

Msumari halikuwa jina la cheti cha kuzaliwa. Darasani walimwita hivyo kwa sababu maneno yake yalichoma, na yakishaingia yalikuwa hayatoki. Alikuwa na miaka kumi na tatu na kichwa kigumu kuliko umri wake. Katika klabu ya katuni ya shuleni, yeye ndiye aliyeandika ukurasa ulioitwa Maoni ya Kwanza. Kila msimu mpya wa anime ulipoanza, aliangalia sehemu ya kwanza ya kila katuni, akaandika alichokiona, na ukurasa ukabandikwa kwenye ubao ulio nje ya maktaba. Katuni iliyosifiwa pale ndiyo ambayo klabu iliiangalia kwa projekta siku za Ijumaa, msimu mzima. Ukurasa ulikuwa na kanuni moja tu, na mwalimu wa sayansi, mlezi wa klabu, aliiandika mwenyewe juu ya ubao kwa wino mwekundu: "Angalia yote, kisha sema ulichokiona."

Msimu huo shule nzima ilisubiri kitu kimoja, yaani kurudi kwa Mashujaa wa Radi. Mwenyekiti wa klabu, mvulana waliyemwita Jenerali, alikuwa amechora radi kwenye begi lake, kwenye daftari la hesabu na hata kwenye soli ya kiatu. Msumari naye aliisubiri kwa hamu. Alipomaliza kuiangalia Jumamosi ile, alichukua kalamu.

"Mashujaa wa Radi: wimbo wa mwanzo ni mtamu," aliandika. "Ukiisha wimbo, zima. Nusu ya kipindi ni picha za msimu uliopita. Kwenye pigano watu wamesimama kama wanapigwa picha ya darasa. Shujaa anaanguka kutoka mnarani huku akihutubia. Hotuba inaisha, wimbo wa mwisho unapigwa, na bado hajafika chini."

Aliifurahia sentensi hiyo ya mwisho mno. Ilimvimbisha kichwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katuni nyingine kadhaa alikuwa ameshaziangalia na kuziandikia. Ilibaki moja tu, Fundi Miamvuli, na Msumari alitaka kumaliza haraka ili akawasomee marafiki zake alichoandika. Wimbo wa mwanzo ulipokwisha, alitokea bibi kizee kwenye kibanda kilichojaa miamvuli, akiwa amekaa peke yake, anakunja chuma. Msumari akazima.

"Mbona umezima?" Bibi aliuliza. "Hiyo nilitaka kuijua."

"Haina kitu, Bibi. Hiyo ni ya wazee."

"Na mimi ni nani?"

Msumari alikuwa ameinamia daftari. Alikuwa ameshaandika: "Fundi Miamvuli: bibi mmoja anatengeneza miamvuli. Inachosha mwanzo mpaka mwisho."

Jumatatu, ubao wa maktaba ulizungukwa na watu. Wengine walicheka, wengine walinuna, na mmoja alimuuliza Msumari kama anajiona nani. Msumari alijibu kwamba anajiona mtu mwenye macho mawili. Jenerali alisoma ukurasa mara moja, akasoma tena, kisha akamgeukia.

"Utabadilisha," alisema.

"Sibadilishi hata nukta."

"Watu wamesubiri mwaka mzima, wewe unakuja kuwamwagia maji ya baridi?"

"Si mimi niliyeichora vibaya. Mimi nimesema tu."

Ijumaa klabu ilikutana katika chumba cha sayansi. Mwalimu aliketi mezani akisahihisha madaftari, kama kawaida yake, akionekana hasikilizi. Jenerali alisimama na kupendekeza kwamba Msumari aondolewe kwenye ukurasa, kwa kuwa anapenda kuponda tu. Wanachama wengi walitingisha vichwa kukubali. Kama Msumari angepoteza ukurasa ule, asingebaki na chochote pale shuleni ambacho alikifanya vizuri kuliko wengine, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

"Niondoeni," alisema, akasimama. "Lakini kwanza anyooshe mkono aliyeona pigano hata moja linalosogea. Ukurasa huu si wa kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeandika nilichokiona, na nitakiandika tena."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Jenerali akakuna shingo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na Fundi Miamvuli? Hiyo nayo uliiona?"

"Niliiona."

"Inaishaje?"

Mwalimu aliacha kusahihisha. Msumari alifikiri haraka. Katuni ya fundi wa miamvuli itaishaje tena?

"Mvua inanyesha," alisema. "Watu wote wanakimbilia kwa yule bibi."

"Hakuna mvua," Jenerali alisema. "Ni mji ambao mvua haijanyesha miaka mingi. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe."

Mtu alicheka nyuma. Msumari aliinua kidevu.

"Niliangalia ya kutosha," alisema.

"Swali lina majibu mawili tu," Mwalimu alisema kutoka mezani. "Uliiangalia yote, au hukuiangalia?"

Msumari alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akaona hakuna pa kukimbilia. "Sikuiangalia, Mwalimu."

"Asante. Jumatatu asubuhi nitapita maktaba. Nikikuta ukurasa wa kweli, utaendelea kuandika. Nikikuta mwingine wowote, nitaubandua na mwenyekiti atatafuta mwandishi."

Nje, Jenerali alimfuata hadi kwenye bomba la maji. Alitazama huku na huku kabla ya kuongea.

"Sikiliza. Isifie Mashujaa kidogo tu. Sema inaanza polepole lakini itachangamka baadaye. Nami nitawaambia wanachama wayasahau haya ya miamvuli. Yanakwisha leo leo."

Msumari alifungua bomba, akanawa uso, akalifunga. Aliona aibu kweli, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Nimedanganya mara moja na imenitosha," alisema. "Hiyo ya pili kaiandike wewe."

Jumamosi alifua, akaanika, akaketi kwenye zulia. Kabla ya yote aliiangalia upya Mashujaa wa Radi, kwa kuwa alihofia kwamba labda hata hiyo aliionea. Alitazama kila picha bila kupepesa. Cherehani ya Bibi ilinguruma nyuma yake.

"Yule aliyekuwa akianguka, ameshafika chini?" Bibi aliuliza.

"Bado, Bibi."

"Haya."

Kisha Msumari akageuka. "Bibi, wiki iliyopita ulitaka kuiona ile ya miamvuli, nikakukatalia. Nikaandika kwamba inachosha, na sikuwa nimeiona. Nisamehe."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Mimi nimekusamehe. Huyo fundi uliyemsema bila kumsikiliza, ndiye umsikilize sasa. Soma vizuri, usinirukie maneno."

Msumari akasoma. Yule fundi aliishi katika mji wa jua kali, ambako miamvuli iliachwa kwake siku nyingi na wenyewe hawakurudi kuichukua. Majirani walimcheka. Yeye alinyoosha vyuma, akashona pindo, akaitundika. Mwanzo ulikuwa mrefu, na Msumari alipiga miayo bila kujificha. Kisha mzee mmoja akaleta mwamvuli mwekundu uliochanika, wa mkewe aliyefariki. Hakutoa maelezo mengi. Fundi aliutengeneza, naye mzee akaukunjua palepale mlangoni, juani, kwa mikono miwili, polepole. Akaenda nao nyumbani mtaa mzima ukimtazama, akiacha nafasi ya mtu wa pili pembeni yake chini ya mwamvuli.

Msumari alifika kwenye maneno ya mwisho, akashindwa kuyasoma kwa sauti. Hapo ndipo aliposikia kwamba nyumba ilikuwa kimya. Mguu wa Bibi ulikuwa umesimama.

"Endelea," Bibi alisema.

"Imeisha, Bibi. Nyingine wiki ijayo."

"Wiki nzima?" Bibi aliguna. "Hawa watu hawana huruma." Lakini hakurudi kwenye kazi mara moja. Alishika pazia la watu mapajani na kutazama televisheni iliyokwisha kuzimwa.

Jumatatu, kabla ya kengele, ukurasa mpya ulikuwa ubaoni. Maneno ya Mashujaa wa Radi yalibaki vilevile, isipokuwa mwishoni Msumari aliongeza: "Nimeiangalia mara ya pili. Bado hajafika chini." Kisha yakafuata haya:

"Fundi Miamvuli: wiki iliyopita niliandika kwamba inachosha mwanzo mpaka mwisho. Mwisho sikuuona. Nilidanganya. Sasa nimeiona yote. Mwanzo unachosha kweli, na hilo silifuti. Mwisho ulinishinda kuusoma kwa sauti. Kati ya zote za msimu huu, hii ndiyo ninayotaka tuiangalie Ijumaa."

Watu walijaa tena. Jenerali alipenya hadi mbele, akasoma, akakunja uso.

"Kwa hiyo Mashujaa umeiacha hivyohivyo."

"Hivyohivyo. Sasa nikuulize mimi. Wewe ulijuaje kwamba hakuna mvua?"

"Dada yangu aliiangalia."

"Na yule mzee aliufunguaje mwamvuli?"

"Kwa mikono miwili, polepole, halafu akaacha nafasi pembeni kwa ajili ya..." Jenerali akajikuta amenasa. Wenzake waliangua kicheko. Alitazama radi kwenye begi lake, akaongea bila kuinua macho. "Niliiangalia. Mara mbili. Na Mashujaa niliiangalia, ni mbaya. Nimeisubiri mwaka mzima na ni mbaya. Mlitaka niseme nini, na mimi ndiye Jenerali?"

Kicheko kilikatika. Mwalimu alikuwa nyuma yao, na haikujulikana amesimama pale tangu lini. Watu wakampisha. Alisoma ukurasa kuanzia juu mpaka chini, bila haraka.

"Mwalimu," Msumari alisema, "maneno ya Mashujaa siyatoi."

"Nani amekwambia uyatoe?"

Msumari akasogea pembeni ya ubao.

"Maoni makali sijayakataza popote," Mwalimu alisema, akiwageukia wote. "Wala sijaagiza mpende kinachopendwa na wengi. Lakini wiki iliyopita ubao huu uliharibiwa na watu wawili. Mmoja alisema ambacho hakukiona. Mwingine alikiona, akaogopa kukisema, akataka kumnyamazisha aliyekisema. Kosa lao ni moja. Ukitaka watu wakuamini unaposimama peke yako, usiwape hata sentensi moja ya uongo. Huyu alikuwa na haki kuhusu Mashujaa, na nusura aipoteze haki yake yote kwa sababu ya mstari mmoja wa uvivu."

"Nimeelewa, Mwalimu," Msumari alisema.

"Najua. Umeandika 'nilidanganya' kwa herufi kubwa kuliko hata kichwa cha habari. Ukurasa ni wako, endelea nao." Mwalimu akatoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akamnyooshea Jenerali. "Na wewe, mwenyekiti, una la kusema?"

Jenerali aliipokea kalamu. Kengele ililia, lakini hakuna aliyeondoka. Mwishowe aliinama mbele ya ubao, akatafuta nafasi chini ya maneno ya Msumari kuhusu Mashujaa wa Radi, akaandika: "Mimi pia nimeiona yote. Hajafika." Kisha akaweka jina lake, lile la cheti, ambalo wengi wao walikuwa hawajawahi kulisoma.