Ndiyo, Nimejitakia

"Maliza, mwanangu. Bado nusu."

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Vidonda vya tumbo havitaki tumbo tupu, vinataka maziwa. Kunywa."

Bi Kochi akakitazama kikombe, kikombe kikamtazama. Maziwa mazito, ya moto, yamekolezwa asali mpaka yamebadilika rangi. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu madaktari wakate sehemu kubwa ya tumbo lake, wakamwachia kitumbo chembamba kama ndizi. Amri aliyopewa ilikuwa fupi: anywe kijiko kimoja kimoja, polepole, na vitu vya sukari avisahau kabisa.

Lakini mama huyu aliyemsimamia, mama mzazi wa mchumba wake, hakuwa na habari ya operesheni. Aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Akaacha shughuli zake, akaja kumuuguza mkwe wake mtarajiwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa moyo wake wote.

Basi Bi Kochi akanywa. Heshima nayo, jamani, ikikaa pasipo pake inaua.

Dakika kumi hazikuisha. Jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likasokota. Akakimbilia chooni, akarudisha yote aliyokunywa na nyongo juu yake.

"Hivi vidonda gani hivi?" Mama akauliza mlangoni, akimpangusa shingo kwa kitambaa. "Pole, mama yangu. Ngoja nikakuchemshie mengine."

Bi Kochi akajifungia, akamwandikia mchumba wake ujumbe.

"Mwambie mama yako ukweli leo. Leo, Mwalimu."

Jibu likaja upesi: "Vumilia mpenzi. Nipo darasani, masomo ya ziada ya Jumamosi."

Akampigia.

"Mpenzi, nimekwambia nafundisha..."

"Mama yako atanimaliza kwa upendo. Mwambie."

"Unamjua mama. Yule jirani yake aliyepunguzwa tumbo, mama alimsema mwaka mzima. 'Kashindwa kufunga mdomo, kaenda kufungwa tumbo.' Sasa nikamwambie na mke wangu mtarajiwa kafanya hivyohivyo?"

"Acha aniseme. Nimeanza kusemwa tangu darasa la kwanza, sijafa."

"Zimebaki wiki sita tu tufunge ndoa. Tukishaoana nitamwambia mwenyewe."

"Mwalimu, naumwa."

"Ndiyo kupona huko, mpenzi."

Msimhukumu haraka, huyo Mwalimu. Alikuwa anampenda. Siku ya operesheni aliomba ruhusa shuleni, akamshika mkono mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na machozi yakamtoka mbele za wauguzi. Bi Kochi naye hakuwa malaika. Mwalimu aliposema, "Tuwaambie ni vidonda vya tumbo," yeye mwenyewe alijibu, "Sawa." Aliona ni uongo mdogo, hauna madhara.

Wala hakupunguzwa tumbo ili apendeze. Jina la Bi Kochi alipewa na wateja, maana alikuwa fundi wa makochi hodari kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Fremu anabeba mwenyewe, sponji anakata mwenyewe, misumari anapiga mwenyewe. Wateja walimtania: "Fundi, hebu likalie kwanza. Likikuhimili wewe, nalinunua." Alikuwa anacheka nao, anakaa, anauza. Lakini kilo mia moja thelathini na nne zikayashinda magoti, na kisukari kikaanza kumtia ukungu machoni. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba baada ya macho zingefuata figo. Bi Kochi akaiweka nyundo chini, akasema, "Nikateni."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mwalimu alikuwepo. Adhuhuri ile Bi Kochi aliamka mwili unawaka, na maumivu yamepanda kutoka tumboni mpaka bega la kushoto. Alikuwa amelala chali, hajainua hata mto, lakini moyo ulimdunda kama aliyepandisha kochi ghorofa ya nne.

"Nipelekeni hospitali," akasema.

Wakamkimbiza hospitali ya karibu, siyo ile iliyomfanyia operesheni, kwa kuwa ile ilikuwa mbali. Mapokezi pamejaa, watu wamekaa mpaka sakafuni. Daktari wa zamu, mwanamke mfupi mwenye macho ya usingizi, akamshika Bi Kochi mkono huku akimuuliza Mwalimu.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Tumbo, daktari. Na homa."

"Amewahi kufanyiwa operesheni yoyote karibuni?"

Mwalimu akamtazama mama yake. Mama alikuwa palepale, ameshika mkoba wa mgonjwa, anatikisa kichwa kwa huruma.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Ana vidonda vya tumbo tu."

"Hapana?"

"Hapana, daktari."

"Basi mkalisheni pale kwenye benchi. Atachomwa sindano ya kutuliza, tutamwangalia zamu yake ikifika."

Bi Kochi alisikia yote. Alisikia na akangoja mwenzake ajirekebishe. Akahesabu moja, mbili, tatu. Mwalimu akainama kumwinua ampeleke kwenye benchi.

"Niache!" Sauti ilitoka mahali asipopajua. "Muongo! Daktari, huyu ni muongo na mimi ni muongo. Nimepunguzwa tumbo. Leo siku ya kumi na tatu."

Akapandisha gauni lake mpaka kifuani, mbele ya watu wote wale, wazee kwa watoto. Matundu matano ya operesheni yakaonekana, bado yana wekundu. Usingizi ukamtoka daktari machoni.

"Bega linauma? La kushoto?"

"Linaniua."

"Kitanda! Leteni kitanda hapa! Mshono wa ndani unavuja!"

Wakamsukuma mbio. Kitu cha mwisho alichokiona ni Mama, ameshika mkoba kwa mikono miwili, mdomo wazi.

*

Alipoamka alikuwa na mrija puani wa kumlisha, mrija mwingine ubavuni wa kutoa usaha, na dripu mkononi. Daktari akamwambia hatatia kitu mdomoni kwa wiki kadhaa, wala hata tone la maji. Akamwambia pia kwamba angekalishwa kwenye benchi lile mpaka jioni, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

"Nje kuna mama mmoja," muuguzi akaongeza. "Amekaa tangu juzi. Hali, haongei. Ukimuuliza anasema yeye ndiye aliyekuua."

"Mwite."

Mama akaingia ananyatia kama mwizi. Akasimama mbali na kitanda.

"Mwanangu, mimi na maziwa yangu..."

"Mama, si maziwa. Nimemuuliza daktari. Anasema mshono unaweza kuvuja hata kwa aliyefuata kila alichoambiwa. Njoo ukae."

Akakaa. Akalia kwanza, kisha akafuta macho, na hasira ikapata nafasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliambiwa ungesema nimeshindwa kufunga mdomo."

Mama akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Ningesema," akasema. "Ningesema tena sana, mimi na huu mdomo wangu. Halafu ningekiweka kile kikombe chini."

Bi Kochi akacheka, mrija ukamvuta pua, akagumia kwa maumivu, akacheka tena. Mama akamshika mguu juu ya shuka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mama akasema. "Tumeponea chupuchupu."

Lakini penye wengi pana mengi. Habari za gauni lililopandishwa mapokezi zilishafika kwenye kundi la familia ya Mwalimu, ambamo Bi Kochi alikwishaingizwa kama bibi harusi wao. Siku ya nne akaletewa simu yake, akafungua, akasoma.

Shangazi yake Mwalimu: "Kumbe vidonda ni hadithi! Kakatwa tumbo apendeze kwenye picha za harusi."

Binamu: "Tumwombee. Ila ukweli usemwe, amejitakia."

Shangazi tena: "Amejitakia kabisaaa. Wangapi wanajinyima tu na wanapungua?"

Akatafuta jina la Mwalimu. Akalikuta chini kabisa: "Wapendwa, tumpe mgonjwa muda. Tutafafanua baadaye."

Tutafafanua baadaye! Bi Kochi alihisi joto likimpanda, na safari hii halikuwa la homa. Akabonyeza kitufe cha sauti, akaongea na mrija wake puani, sauti imebana.

"Shikamooni wakubwa. Ni mimi. Shangazi, sikuwa na vidonda vya tumbo hata siku moja. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nne na kisukari, na kujinyima nilijinyima miaka kumi na mitano, kuliko nyote mlio humu. Mnasema nimejitakia. Ndiyo, nimejitakia. Nilitaka nipande ngazi bila kuomba msaada. Nilitaka macho yangu yaone uzi na sindano mpaka nizeeke. Sasa nina mirija miwili na siruhusiwi hata maji, na mkiniuliza najutia nini, najutia uongo. Operesheni sijutii, na kesho ningeifanya tena. Mwenye neno aje wodini aniambie usoni. Mgeni haruhusiwi kuja na chakula."

Akatuma. Kisha ikaingia sauti ya Mama, aliyekuwa kwenye kiti palepale pembeni ya kitanda: "Shangazi mtu, umesikia? Sasa funga na wewe mdomo wako."

Mwalimu alifika baada ya saa moja, shati la kazini, chaki bado mkononi. Mama akainuka, akasema anakwenda kunawa uso, akawaacha.

"Umeniaibisha," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Ningewaambia mimi, taratibu, kwa heshima. Hebu ifute, mpenzi. Bado inafutika."

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Samahani. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Mwalimu, pale mapokezi, daktari alikuuliza mara mbili."

"Nilibabaika. Mama alikuwa pale..."

"Mimi pia nilikuwa pale."

"Najua. Nisamehe. Silali, nikifumba macho nakuona kwenye kile kitanda." Machozi yakamlenga, na yalikuwa ya kweli. "Nakupenda, wewe unajua. Nilikuwa nakulinda wasikuseme."

"Ulikuwa unanilinda mimi?"

"Sisi. Nilikuwa nalinda sisi."

Bi Kochi akamtazama. Uso aliouzoea, macho aliyoyapenda miaka mitatu. Moyo ukamuuma kuliko ubavu.

"Nikuulize kitu. Usinidanganye."

"Uliza."

"Ningekufa Jumapili ile. Ungewaambia watu nimekufa kwa nini?"

Mwalimu akageuza uso. Akaangalia dirisha, akaangalia dripu, akaangalia vidole vyake vyenye chaki. Mwanamume wa hesabu, anayejibu maswali kutwa nzima, hili likamshinda.

"Asante," Bi Kochi akasema polepole. "Safari hii hukunidanganya."

"Mpenzi, tusogeze harusi mbele, tukae, tuongee..."

"Harusi haipo, Mwalimu. Usisogeze kitu ambacho hakipo."

"Kwa kosa moja?"

"Kwa kosa moja lililoulizwa mara mbili. Nenda nyumbani. Sikuchukii. Ila nenda."

Alikwenda. Alisimama kidogo mlangoni, labda aitwe, hakuitwa. Bi Kochi akavuta shuka mpaka kidevuni, akalia bila kujificha, mpaka muuguzi akaja kumwambia kwikwi zake zitalegeza mrija.

Mama aliporudi alikuta mto umelowa. Alishakutana na mwanawe kwenye ngazi, hakuhitaji kuhadithiwa.

"Mwanangu amekosa," akasema. "Simtetei. Lakini anakupenda, hilo naapa."

"Najua ananipenda, Mama. Mngekuwa hamnipendi mngenirahisishia kazi. Lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye nikizimia, itabidi nizinduke nikajisemee mwenyewe."

Mama alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na maneno yale yalimpata penyewe. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kujifanya amelala.

Hatimaye Mama akaokota mkoba, akautia begani, akajitengeneza nguo.

"Haya," akasema. "Basi kesho nije saa ngapi?"