Jiwe Jeupe la Hafidha

Katika zahanati ya kijiji kimoja, karibu na Lugoba, watu hawapangi foleni, wanapanga mawe. Alfajiri kila mgonjwa huweka jiwe lake barazani, kisha huenda zake mpaka mlango ufunguliwe.

Siku hiyo jiwe la kwanza lilikuwa jeupe, la Hafidha wa darasa la sita. Alikuwa amechubuka goti, naye alitaka lifungwe haraka akacheze mpira wa pete dhidi ya wasichana wa Lugoba. Yeye ndiye mfungaji wa timu ya kijiji, na furaha ilimjaa hata chai hakuimaliza. Tena nesi Adila ni shangazi yake. Nani angemtangulia?

Wenye mawe walikuwa wamekwisha kurudi barazani alipofika Kulwa, mke wa mchoma mkaa wa porini, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Aliwaamkia wakubwa. Mzee Mwishehe, mwenye jiwe la pili, akamweleza kwa upole kwamba utaratibu ni mawe, na Kulwa akaokota lake, akaliweka mwisho kabisa.

Hafidha akamtazama yule mtoto. Shingo ilikuwa imelegea, na alihema mbiombio. Akageuza uso akaiwazia mechi. Akatazama tena. Hapo hakuweza kuvumilia. Aliruka akagonga mlango kwa nguvu.

“Shangazi, kuna mtoto amezidiwa!”

Adila alitoka, akayavuka mawe yote, akampokea mtoto.

“Na foleni yetu, nesi?” akauliza Mzee Mwishehe.

“Mawe hayaugui, mzee wangu,” Adila akajibu, akaingia ndani.

Watu barazani walingoja, na kungoja kulikuwa kuchungu. Mara kilio cha mtoto kikasikika, kikali, chenye nguvu! Watu wakacheka kwa furaha, na Hafidha akarukaruka akilisahau goti lake. Gari la wagonjwa lilipofika kumpeleka mtoto Lugoba kwa matibabu zaidi, Mzee Mwishehe mwenyewe ndiye aliyembebea Kulwa mzigo wake.

Zamu ya Hafidha ilipofika, kipindi cha kwanza cha mechi kilikuwa kimekwisha.

“Ungegonga kwa ajili ya goti lako, ningekurudisha ukangoje,” Adila alisema akimfunga bandeji. “Nyumbani mimi ni shangazi yako. Humu ndani wagonjwa wote ni ndugu zangu, wa kijijini na wa porini, na anayeumwa zaidi hutangulia. Hiyo ndiyo haki, mwanangu, na leo umeitenda. Haya, kimbia, kipindi cha pili kinakungoja.”