Barua ya Kumwombea Anisia Msamaha

Kila Jumamosi asubuhi Adventina alichota maji, akafagia ua, kisha akafunga ugali wa muhogo na maharagwe na kuvipeleka gerezani. Aliishi Yoba, mtaa mmoja wa mji wa Gitega, kwa mama yake mdogo Letisia. Mama yake mzazi, Anisia, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka kumi, na alikuwa ametumikia mitatu.

Kisa chenyewe kilijulikana. Familia iliporudi Muyinga kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ilimkuta mtu aitwaye Urbano akilima shamba lao la zamani. Wazee wa kilima, kama kijiji kinavyoitwa huko, waliamua ligawanywe. Anisia alikataa, na siku moja ya kiangazi akalichoma moto ghala la Urbano. Habari hiyo ilifika hadi Gitega. Shuleni watoto walimwita Adventina binti kiberiti, na hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Hata Letisia alimlisha kwa masimango.

"Mi nakulea, na sokoni watu wananiangalia vibaya," alimwambia. "Mama yako hakufikiria hayo."

Mwaka ule shirika moja la msaada wa sheria lilimtuma gerezani wakili aliyeitwa Hidaya. Watu walimwita Metre, kama mawakili wote wanavyoitwa huko. Aliwaeleza wafungwa kwamba aliyekwisha kuhukumiwa anaweza kumwandikia rais na kuomba apunguziwe kifungo. Maombi hayo hayakuwa ya kudai kwamba mtu hana hatia. Yalikuwa ya kuomba huruma. Anisia alikubali kuomba, na kwa kuwa hakujua kuandika, Metre Hidaya alimtaka Adventina aandike maelezo ya familia wakati nakala ya hukumu ikisubiriwa kutoka Muyinga.

Adventina aliandika kurasa mbili kwa mwandiko safi. Aliandika kwamba ghala lilikuwa tupu na hakuna mtu aliyeumia. Alijua si kweli. Siku ile alikuwa amesimama migombani, akamwona Jeska, mama mzee wa Urbano, akitolewa katika moshi huku mikono yake imebabuka.

Baada ya wiki mbili wakili alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Jeska ni nani?" aliuliza.

Wakili aliweka karatasi mezani mbele ya Adventina.

"Hukumu imefika. Inasema mama huyo alilazwa hospitali miezi miwili. Watakaosoma barua yako watakuwa na hukumu hii mkononi. Watamwamini mama yako kwa lipi tena?"

"Nilitaka atoke, Metre."

"Kwa uongo hatatoka. Na mimi sipeleki karatasi ninayojua ni ya uongo."

Jumamosi Adventina alimweleza mama yake. Anisia alimtazama kwa macho makavu. "Umenifunga mara ya pili," akasema, akamgeuzia mgongo.

Adventina alirudi Yoba akilia njia nzima. Hata hivyo, Metre Hidaya aliposema anakwenda Muyinga kwa kazi nyingine, Adventina aliomba ruhusa kwa Letisia, akafuatana na wakili hadi nyumbani kwa Urbano.

Urbano aliwapokea mlangoni na hakuwapisha. Alisema mtoto wa mchomaji amekuja kutafuta sahihi, basi arudi alikotoka. Adventina alisema alilolijia.

"Niliandika kwamba hakuna aliyeumia. Niliandika uongo. Nilimwona bibi akitolewa motoni. Nimekuja kuandika upya, na nikikosea mnisahihishe."

Jeska alimsikia akiwa ndani. Alitoka taratibu, akanyoosha mikono. Vidole viwili vilikuwa vimegandana.

"Andika na hili," alisema. "Tangu siku ile siwezi kumenya muhogo. Mama yako sijamsamehe. Lakini ukiandika ilivyokuwa, nitaweka dole gumba langu."

Adventina aliandika palepale, akiwa amepiga magoti. Metre Hidaya alimsomea bibi kila neno kwa Kirundi, kisha bibi akaweka dole gumba.

Barua hiyo iliposomwa gerezani, Anisia alitaka isomwe tena. Mwishowe aliomba yaongezwe maneno yake: kwamba alilichoma ghala kwa hasira, kwamba anamwomba Jeska radhi, na kwamba anakubali shamba ligawanywe.

Miezi minane ilipita kabla jibu halijaja. Kifungo kilikuwa kimepunguzwa kutoka miaka kumi hadi mitano. Anisia angerudi nyumbani baada ya mwaka mmoja na kitu.

Adventina alimuuliza wakili kama bibi Jeska sasa amewasamehe.

"Hapana, na hawezi kulazimishwa," Metre Hidaya alijibu. "Lakini kumbuka hili, mwanangu. Ukificha maumivu ya mtu uliyemkosea, unamkosea tena. Anayetaka ahurumiwe aanze kwa kulitaja kosa lake lote, bila kulipunguza."

Adventina alichukua nakala ya jibu, akatoka mbio kwenda kumsomea mama yake.