Zindiko la Ubia

Harufu ya udi ilianzia kwenye magunia ya maharage. Hilaria aliisikia asubuhi alipofungua ghala lao, nyuma ya soko la Sumbawanga, akakunja uso. Mbia wake, Zenon, ana pumu. Moshi wa udi ungemlaza kitandani. Sasa nani kafukiza?

Kisha magunia yakaanza kuwa mepesi, na kamba zake hazijaguswa. Zenon akamwambia kwamba hata yeye anaisikia harufu ile, afadhali waende wote wawili wakamtafute mtu wa kuliangalia ghala. Hilaria akaitikia, lakini moyoni alijisemea kikulacho ki nguoni mwako. Alishaamini kwamba Zenon anafuga chuma ulete, jini la kukomba mali ya mwenzake. Miaka yote waliyosafiri pamoja juu ya mizigo ya mpunga, wakila sahani moja, aliisahau. Shaka ni kitu kibaya sana.

Akateremka peke yake hadi Mtowisa, kwa Bibi Cornelia, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbia wako yuko wapi?"

"Anaumwa," Hilaria akadanganya.

Bibi alimtazama, kisha akampa kifundo cha kitambaa cheusi akakifukie kizingitini. "Zindiko la ubia hufukiwa kwa mikono ya wote wawili," akamwonya kwa sauti ya chini. "Lenyewe halimjui mwizi. Linamjua anayemficha mwenzake jambo. Huyo linamfungia nje, na nafasi yake anapewa mwingine."

Hilaria hakujali. Alikifukia peke yake, akaenda kukaa kwa muuza chai ng'ambo ya barabara ili amwone Zenon akikwama. Zenon akaja, akavuka kizingiti, akaingia.

Hilaria akainuka kwa hasira, akafika mlangoni, akanyanyua mguu, na mguu ukagoma, ukabaki hewani mzito kama gunia la mpunga, na harufu ya udi ikamjia usoni kutoka ndani, ya moto, na pamoja nayo sauti ya Zenon, yenye furaha ambayo hajaisikia siku nyingi:

"Umewahi leo, dada Hilaria. Nilidhani umenichoka."

Na kutoka gizani, nyuma ya magunia, sauti ya Hilaria mwenyewe ikajibu kwa upole:

"Nikuchoke wewe, kaka? Funga mlango, tuongee."

Zenon akaja kuufunga. Alimtazama Hilaria usoni, akamwambia kwa adabu, "Samahani mama, bado hatujafungua," akaurudisha mlango.